Kinasa sauti cha kutega bwawani: miezi 14, sisimizi, na vyura wasiotaka kusema

Usiku wa kwanza kinasa hiki kilirudi na kimya karibu kitupu, na kosa lilikuwa langu. Kwenye ratiba niliandika 01:00 nikiwa na maana ya saa 1 usiku, giza linapoanza kushika na vyura wa matete wanapoanza kugonga vikengele vyao. Mashine haijui Kiswahili. Ililala hadi saa 7 usiku, ikaamka, ikanasa matone yakidondoka kwenye majani na chura mmoja aliyechelewa kulala, kisha ikalala tena. Kwa hiyo atakayenunua aanze na hili: saa 1 usiku inaandikwa 19:00. Nimebandika kikaratasi ndani ya kifuniko, na bado kila nikibadilisha ratiba nahesabu kwa vidole.

Mimi ni mtu wa kuhesabu vyura. Kwa miaka mingi zana zangu zimekuwa tochi ya kichwa, buti za mpira na daftari. Unasimama ukingoni, unazima tochi, unasikiliza dakika tano, unaandika. Kisha unawasha na kuanza kutafuta macho yanayong'aa. Magoti yakaanza kulalamika, masikio nayo yakaanza kupoteza sauti nyembamba, ndipo nikakubali kununua kisanduku hiki ambacho vijana walikuwa wakinisifia. Jina la kampuni sitalitaja. Nina malalamiko ambayo sitaki yageuke kuwa kesi, na isitoshe vifaa vya aina hii vinafanana kama mapacha: sanduku la plastiki, maikrofoni moja, betri nne, tundu la kadi ya kumbukumbu, na kitufe kimoja ambacho ukikibonyeza vibaya kinafuta ratiba yote.

Nianze na hesabu, maana ndiyo watu huniuliza. Nimekiweka kichukue sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16, sauti ya njia moja. Hapo dakika moja inakula karibu megabaiti 6. Kinarekodi dakika 5 kila nusu saa kuanzia 18:00 hadi 06:00, yaani jumla ya saa 2 kwa usiku, kama megabaiti 700. Kadi ya gigabaiti 64 inanipeleka miezi mitatu. Betri haziendi mbali hivyo: kwangu zimekuwa zikikata roho karibu na usiku wa 37, na kwenye baridi mapema zaidi. Kasha limeandikwa usiku 60. Labda mahali ambapo hakuna usiku wenyewe.

Sauti inayonaswa ni nzuri, na hapa sina utani. Kuna faili moja ninayorudia kuisikiliza. Ni saa 2 na nusu usiku, mvua imekatika muda si mrefu, na mbali kidogo yupo Kassina senegalensis. Ni yule chura mwenye mistari mirefu mgongoni, anayetembea badala ya kuruka, kama mzee anayetafuta kandambili gizani. Mlio wake ni mmoja mfupi unaopanda mwishoni, kwoip, kama povu linalopasuka ndani ya mtungi. Analia, ananyamaza. Mwenzake upande wa pili anadakia: kwoip. Kwenye spektrogramu, yaani picha ya sauti inayoonyesha mlio ukipanda na kushuka, unaziona hizo kwoip mbili kama ndoana mbili zilizopinda juu, moja imekolea na nyingine hafifu, zinapokezana bila kukanyagana kwa dakika nne nzima. Miaka yote ya kusimama kwenye tope nilikuwa nimeyasikia mapokezano hayo. Kuyaona ni jambo jingine.

Vyura wa matete wakiingia kwa wingi, shida inaanza. Chura mwenye urefu wa sentimita tatu anaweza kupiga kelele zinazoumiza sikio ukiwa karibu, na wakiwa mia mbili maikrofoni inalemewa. Sauti inachanika, na spektrogramu inakuwa ukanda mmoja mnene ambao huwezi kuona chochote nyuma yake. Teremsha kiwango cha kukuza sauti hadi kati. Mwongozo unasema weka juu kabisa. Aliyeandika mwongozo ule, nahisi, alikuwa akifikiria ndege.

Kumbuka pia nguvu hizo zinatoka wapi. Dume anafunga mdomo na pua, anabana misuli ya kiwiliwili, hewa inatoka mapafuni, inapita kwenye koo la sauti na kuujaza mfuko wa shingoni. Kisha inarudi mapafuni, na mzunguko unaanza upya. Hewa ileile, mara elfu kwa usiku. Ni kazi ngumu kupita karibu kila kitu kingine anachofanya, na ndiyo maana si kila dume huifanya.

Hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu kuhusu kifaa hiki. Usiku mmoja nilikiacha kikirekodi, nami nikaingia bwawani taratibu na tochi. Kwenye faili, katika kipande kile cha matete nilichokikagua, unasikia madume matatu, wazi kabisa, unaweza kuwahesabu. Kwa macho nilikuta kumi na moja. Wanane walikuwa wamekaa kimya, wengine umbali wa kiganja kutoka kwa mwimbaji, wameinama kama watu waliopanga foleni. Wanavizia majike: mwimbaji anamwita jike, mvizi anamdaka njiani. Chura anayenyamaza anaokoa nguvu zake, na pengine roho pia. Huko Amerika ya Kati na Kusini, popo Trachops cirrhosus humfuata chura tungara kwa mlio wake, na vile vionjo vya mwisho anavyoongeza ili majike wampende ndivyo hivyohivyo popo anavyovipenda. Kinasa chako kitakuambia nani anatangaza. Nani yupo ni swali lingine, na ripoti nyingi ninazosoma siku hizi zimeyachanganya.

Wengine hawatangazi kabisa, au wanatangaza mahali ambapo sanduku halisikii. Amfibia wanaojulikana ni zaidi ya spishi 8,000, na karibu tisa katika kila kumi ni vyura, kwa hiyo mtu anaweza kujifariji kwamba waliobaki ni wachache. Lakini hao wachache ni salamanda wote, wale wenye mkia na umbo kama la mjusi, na sesilia wote. Sesilia ni wale wasio na miguu, wanaoishi ndani ya udongo, ambao watu huwaua wakidhani ni nyoka. Boulengerula wa milima ya Taita huwalisha watoto kwa ngozi yake mwenyewe: ngozi ya juu inanenepa mafuta, vitoto vinaichuna kwa meno maalum, inaota tena. Mnaweza kuwa mmesimama juu yake na kinasa cha maelfu ya sampuli kwa sekunde, nanyi msijue. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba sesilia mmoja wa Brazil, Siphonops annulatus, huwatolea watoto wake kitu kama maziwa, na watoto hulia wakiyadai. Niliposoma nikatazama kisanduku changu kilivyoning'inia pale mtini. Hakikusema kitu.

Chura wa kucha, Xenopus, naye hanaswi, kwa sababu analia chini ya maji. Hana ulimi, hana mfuko wa shingoni. Anatoa mibofyo tu inayosafiri majini. Unahitaji maikrofoni ya kuzamisha, inauzwa kando, na tundu la kuichomeka kwenye kisanduku changu halipo. Bwawa langu limejaa hao. Kwa mujibu wa faili zangu za miezi 14, hawapo. Nacheka, lakini fikiria mtu asiyelijua bwawa akisoma jedwali hilo. Na huyu si mnyama wa kukosea: tangu miaka ya 1930 alisafirishwa duniani kupima mimba, jike likidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito linataga mayai ndani ya saa chache. Kipimo kilipopitwa na wakati, wengine waliachiliwa au wakatoroka, na leo wamelowea katika mabara ambayo hayakuwa yao.

Kuhusu sauti za juu: kwa sampuli 48,000 kisanduku kinanasa hadi kilohezi 24, yaani mitetemo 24,000 kwa sekunde, nusu yake, na kwa vyura wengi mno hiyo ni ziada. Ila yupo Odorrana tormota wa vijito vya China, ambaye hulia kando ya maji yanayonguruma na kupandisha mlio hadi juu ya upeo wa sikio la binadamu, apite juu ya kelele. Kisanduku kinaweza kupandishwa hadi sampuli 96,000 ukikubali kadi ijae mara mbili upesi. Nilijaribu wiki moja. Nilipata popo wengi na furaha ndogo, nikarudi 48,000. Kwenye maporomoko yenyewe sikushauri ukipeleke hata kidogo. Maji yanafunika kila kitu, na baadhi ya vyura wa huko wameachana na hoja ya sauti wakaongeza ishara ya mguu, kama Staurois wa Borneo, ambao huunyoosha mguu wa nyuma na kutandaza utando wa vidole kama bendera.

Usidhani basi kwamba mlio mmoja ni ujumbe mmoja. Chura koki wa Puerto Rico hulia silabi mbili, ko na ki. Ya kwanza inawaambia madume wakae mbali, ya pili ndiyo inayowavuta majike, na masikio ya jinsia hizo mbili yametegwa tofauti. Maikrofoni hafifu inayokata sauti za juu inakuachia nusu ya mazungumzo. Ya kisanduku hiki haikati, nimeilinganisha na kinasa kikubwa cha mkononi na tofauti ni ndogo. Kuhusu wale vyura Brachycephalus wa rangi ya chungwa wa Brazil, ambao mwaka 2017 ilibainika kwamba hawausikii mlio wao wenyewe, sijui nikushauri ununue maikrofoni ya aina gani.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni sponji ya maikrofoni. Inapendeza, inazuia upepo, na sisimizi wanaipenda kuliko mimi. Mwezi wa tatu nilikuta wamehamia na mayai yao. Faili za wiki mbili zina mkwaruzo kama mtu anakunja karatasi ya pipi kanisani. Nimeweka wavu mwembamba wa chuma na kupaka grisi kwenye kamba. Mtengenezaji angeweza kufikiria hilo; vitu hivi havitegwi sebuleni.

La pili ni programu inayokuja nacho, ile inayojidai kutambua spishi. Ilinipatia orodha ya spishi 19 kwa bwawa ambalo nalijua vizuri. Mmoja ni chura wa bara jingine. Nilisikiliza faili: ni tawi linalosuguana na tawi upepo ukivuma. Mwingine, mwenye uhakika wa asilimia 91, ni mimi nikikohoa. Watu wa FrogID, ile programu ya simu iliyoanzishwa na Jumba la Makumbusho la Australia mwaka 2017, wamechagua njia ya polepole: mtu anarekodi kwa simu, na mtaalamu mwenye masikio anasikiliza na kuthibitisha. Naiamini zaidi njia hiyo. Ninaitumia programu ya kisanduku kwa kazi moja tu, kunionyesha dakika zenye kelele, halafu nasikiliza mwenyewe nikiwa na chai.

La tatu ni mpira wa kuzibia kifuniko, na hili ndilo zito. Kila ninapotoka bwawa moja kwenda jingine nasafisha buti, kamba na kisanduku kwa dawa ya kuua vijidudu, navikausha juani hadi vikauke kabisa. Sababu ni Batrachochytrium dendrobatidis, kuvu iliyopewa jina mwaka 1999 na ambayo mbegu zake huogelea majini. Chura hunywa kwa ngozi na kwa sehemu hupumua kwa ngozi; ugonjwa unaivuruga ngozi, chumvi za damu zinapungua, moyo unasimama. Viluwiluwi hushikwa mdomoni tu, penye keratini, kitu kigumu kama cha kucha, kwa hiyo huishi nao na kuutunza bwawani hadi wakubwa wafe. Uchambuzi wa mwaka 2019 ulihesabu spishi 501 zilizopungua kwa sababu ya ugonjwa huo, na 90 kati yake zinadhaniwa zimetoweka. Mtu anayezunguka na kifaa chenye tope kutoka dimbwi hadi dimbwi kwa jina la uhifadhi hana cha kujitetea. Na mpira wa kisanduku hiki, baada ya kuoshwa kwa dawa mara tisa, ulianza kupasuka pembeni. Mvua ikaingia. Kadi ilipona, saa ya ndani haikupona. Nilipowaandikia waliniambia kifaa hakikukusudiwa kusafishwa kwa kemikali. Kimekusudiwa kwa mabwawa ya nani, basi?

Nimeununua mpira wa kawaida wa duara, nikaukata, nikauvika. Mpaka leo haupitishi maji.

Mazuri yapo, na ni makubwa kiasi kwamba siwezi kukirudisha. Msimu uliopita nilikuwa kitandani na homa siku nne, siku zilezile mvua kubwa ya kwanza iliposhuka. Kisanduku kilikuwepo. Usiku wa pili baada ya mvua, saa 4, unawasikia Chiromantis kwa mara ya kwanza mwaka ule: milio hafifu, kama mlango wa kabati usiopakwa mafuta, ambayo kwa sikio langu la sasa ningeikosa hata kama ningekuwa pale. Hawa ndio wanaopiga povu kwa miguu hadi liwe kiota cheupe kinachoning'inia juu ya maji, mayai ndani; siku chache baadaye viluwiluwi vinadondoka bwawani kimoja kimoja. Nilipopata nguvu nikaenda na tarehe mkononi, nikajua niangalie matawi yapi na siku gani. Viota vinne. Mwaka uliotangulia niliandika daftarini kwamba hawakuzaa.

Na kuna siku nilimkosa mtu mkubwa kwa sababu ya ratiba yangu mwenyewe. Pyxicephalus, yule chura dume mnene anayelala ardhini miezi ndani ya gamba la ngozi yake, hufanya harusi yake mara nyingi mchana kweupe baada ya mvua ya nguvu. Mimi nilikuwa nimeweka usiku tu. Nilipofika nilikuta kidimbwi cha kina cha kifundo cha mguu kikitokota viluwiluwi, na baba amekaa katikati akinitazama kama nina deni lake. Alikuwa amechimba mfereji kuwaunganishia maji yanayokauka na yale mengi. Kwenye kadi hakuna hata sekunde yake. Sasa nimeongeza dakika 5 saa 3 asubuhi na dakika 5 saa 9 alasiri. Betri zinalia, lakini ndivyo.

Ukiniuliza kwa nini nahangaika na faili ambazo nyingi sitazisikiliza, nitakutajia Ecnomiohyla rabborum wa Panama, chura wa mitini mwenye nyayo pana, aliyeruka kwa kuelea kutoka juu ya miti. Walichukuliwa wachache mwaka 2005 kabla ugonjwa haujafika kwao, akapewa jina la kisayansi mwaka 2008, na wa mwisho anayejulikana alifia katika bustani ya mimea ya Atlanta tarehe 26 Septemba 2016. Kwa miaka huyo wa mwisho alikuwa hasemi. Mwaka 2014 alilia, na mtu alikuwa na kinasa karibu. Mlio huo upo, unaweza kuusikiliza. Leo spishi mbili katika kila tano za amfibia ziko hatarini kutoweka, na za nyingi kati yake hakuna aliyewahi kuweka hata dakika moja kwenye kadi.

Kwa atakayekinunua: kiwango cha sauti kati, wavu juu ya sponji, mpira wa akiba, kamba fupi isiyosugua gome, na kile kikaratasi cha 19:00. Kijaribu nyumbani usiku mmoja kabla ya kukitega. Na usiuze tochi.

Changu nimekirudisha bwawani juzi jioni. Nimewapa nyota 3 na nusu. Ile nusu iliyokatwa ni ya sisimizi.